Kadi ya Dada Tunu

Siku ya arobaini na tatu ya eda ya dada yake, Najiat Masudi alikaa kwenye benchi la zahanati akisubiri kuitwa kwa jina lisilo lake.

Hakuanza kwa kudanganya. Jana yake alifika hapo hapo asubuhi, akaiweka kadi dirishani, akaeleza yote kwa mpangilio: mwenye kadi ni dada yake mkubwa, Tunu, umri wake miaka sitini na moja, anatumia kidonge kimoja cha presha kila asubuhi, amefiwa na mume, yumo edani, na vidonge vimebaki viwili. Yeye ametumwa kuchukua vingine. Mhudumu wa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamrudishia kadi.

"Mama, presha haipimwi kwa kutuma mtu. Huyu ana miezi miwili hajaonekana. Mwambie aje mwenyewe."

Najiat alirudi Gongoni kwa miguu, jua limempiga mgongoni njia nzima. Alimkuta Tunu palepale alipomwacha, juu ya mkeka, nguo nyeupe zisizo na ua hata moja, tasbihi mkononi.

"Wamesema uende mwenyewe, dada."

"Sitoki."

"Ni hapo tu. Bajaji itakufuata mlangoni."

"Najiat, nimekaa na Awadhi miaka thelathini na nane. Nishindwe kumkalia miezi minne na siku kumi? Watu wanione nakata mitaa, waseme hata udongo wa kaburi haujakauka?"

"Nani atasema? Wewe ni mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa. Nina presha tu. Rudi kesho ukawaambie vizuri. Wewe una maneno."

Kama kweli Najiat alikuwa na maneno, yalikuwa yamemwishia zamani. Tangu shemeji yake Awadhi, fundi wa vitanda vya mninga, aanguke karakanani na kufariki, yeye ndiye aliyefunga cherehani yake kule Bukene, akapanda gari na begi moja, akasema anakuja kwa siku saba. Siku saba zikawa arobaini. Alikuwa anaamka kabla ya adhana kuteka maji, anapika, anapokea wenye kutoa pole, anawapa chai, anawasikiliza wakilia, anaosha vikombe vyao, anapika tena. Jioni Tunu alitaka kukandwa miguu. Kila mtu aliyeingia alimsifu: "Mashaallah, una mdogo wa kweli, Tunu." Sifa zile hazikumpunguzia hata kikombe kimoja.

Basi asubuhi ya pili hakwenda dirishani. Aliitia kadi kwenye rundo la kadi mezani kwa muuguzi, akakaa kwenye benchi. Muuguzi alipotoka na kuita "Tunu Masudi!" miguu yake ilisimama yenyewe. Wamefanana tangu utotoni, pua moja, kidevu kimoja, na yeye ana miaka hamsini na sita. Ndani ya baibui, nani wa kuhesabu miaka mitano?

Muuguzi aliitwa Marcelina, mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka. "Shikamoo mama. Kaa. Dawa leo umemeza?"

"Marahaba. Nimemeza," alisema Najiat, na moyoni akajijibu kuwa Tunu kweli amemeza, yeye mwenyewe alimpa na maji.

Mkanda ulijaa upepo, ukambana mkono, ukaachia. Marcelina alitazama, akaifungua kadi akatazama namba za nyuma, akakunja uso.

"Mia sitini na nane kwa mia moja na nne. Mara ya mwisho ulikuwa mia thelathini na mbili kwa themanini. Kuna nini?"

"Nimefiwa."

"Pole sana, mama." Sauti ya muuguzi ilishuka. "Basi tusikimbilie kukubadilishia dawa leo. Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Endelea na kidonge chako, urudi baada ya wiki mbili. Usile chumvi nyingi. Upumzike."

Njiani Najiat aliibeba ile namba kama mtu aliyeokota kitu barabarani asijue ni cha nani. Hakudhani kuwa ni chake. Presha ni ya watu kama Tunu, wenye kushika kichwa na kusema "leo imenipanda." Yeye hajawahi kuumwa kichwa mwaka mzima. Alikuwa ametembea haraka, alikuwa amesema uongo mbele ya serikali, moyo ulimdunda, nani asingepanda? Aliviweka vidonge kwenye kabati, akaingia jikoni.

Baada ya wiki mbili alikaa tena kwenye lile benchi. Marcelina alimpima, akasubiri kidogo, akampima tena mkono uleule. Mia sabini na mbili kwa mia moja na sita. Safari hii alimpeleka kwa daktari, naye daktari akauliza kama dawa anameza kila siku. Najiat akasema kila siku, na kwa Tunu hilo lilikuwa kweli. Daktari akaandika kidonge cha pili.

Hapo ndipo Najiat angesema. Kalamu ilipogusa kadi, neno lilimfika kooni. Lakini benchi lilikuwa limejaa watu, na akilini mwake ilijijenga hesabu moja iliyomtuliza: kama mimi niliye mzima nina hiyo mia sabini, yeye mwenye msiba atakuwa na ngapi? Si bure namba imetoka hivi. Hata kama mkono ni wangu, ugonjwa ni wake. Daktari ameandika jina la Tunu, na dawa ni za Tunu.

Akashukuru, akaondoka, na kesho yake asubuhi akampa dada yake vidonge viwili badala ya kimoja.

"Mbona viwili?"

"Wameongeza."

"Wameongeza bila kuniona?"

"Nimewaeleza hali yako."

"Si nilikwambia una maneno?" Tunu akavimeza vyote kwa funda moja la maji.

Siku za kwanza hakikutokea kitu. Kisha Tunu akaanza kulalamika kwamba akiinuka kutoka kwenye sijida chumba kinamzunguka. Akawa anashika ukuta kwenda kutawadha. Chakula akawa anakigusa tu na kukisukuma. Waliokuja kutoa pole walitikisa kichwa wakasema ni huzuni, huzuni huingia kwenye mifupa. Najiat aliwasikia, akatamani sana wawe wanasema kweli. Kila asubuhi alipokuwa akifungua ile pakiti ya pili mkono wake ulisita, na kila asubuhi ilimbidi aanze upya ile hesabu yake ya mzima na mfiwa. Ikawa inachukua muda mrefu zaidi kukubali.

Siku ya sitini na saba, saa nne asubuhi, Tunu alianguka uani.

Najiat alisikia birika la chuma likigonga sakafu, akatoka jikoni mbio. Dada yake alikuwa amelala ubavu kando ya bomba, mtandio umelowa, juu ya jicho pamechubuka na damu inachuruzika kidogo kidogo. Macho yalikuwa wazi.

"Niliinuka tu," alisema Tunu, kama anayeomba radhi. "Niliinuka tu, dunia ikazima."

Kishindo kilivuka ukuta. Bi Thuraya, jirani mwenye duka la vitambaa, aliingia bila hodi, mkononi ana boksi lililofungwa kwa mfuko wa nailoni. Babu wa babu yake aliingia Tabora na msafara wa pembe za ndovu akakataa kuondoka, na Thuraya mwenyewe akiingia nyumba ya mtu ilikuwa kazi hivyo hivyo kumtoa. Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ya kupimia presha aliyoletewa na binti yake Haifa kutoka Maskati. Mtaa mzima ulishapimwa. Ukienda kwa Thuraya kuomba kiberiti, unarudi na kiberiti na namba mbili.

Walimsaidia Tunu hadi kwenye kiti sebuleni. Najiat akamfuta damu. Thuraya akaanza kutoa amri.

"Egemea. Miguu chini yote miwili, usiipandanishe. Mkono hapa juu ya meza. Sasa unyamaze dakika tano."

"Dakika tano? Mimi ninaanguka wewe unaniweka—"

"Nyamaza, Tunu! Ukisema inapanda."

"Basi si ipande! Si ndiyo inaniangusha?"

"Hata kama. Funga mdomo."

Tunu alifunga mdomo, kwa shida. Dakika zikapita. Mashine ikavuma, ikabana, ikaachia, ikaandika. Thuraya akaisogeza usoni, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Tisini na nne kwa hamsini na sita."

"Ndiyo nyingi?" aliuliza Tunu.

"Nyingi wapi! Hii imeshuka. Mtu mzima kama wewe, mwenye presha ya kupanda? Hebu tena." Ikaja tisini na sita kwa hamsini na nne.

"Betri imekwisha," alisema Najiat. Alijisikia akisema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Betri nimeweka juzi. Lete mkono wako tuone kama mbovu ni mashine."

"Nina maharage motoni."

"Yatakusubiri. Kaa."

Angeweza kukataa. Lakini miguu ilikuwa imechoka, na kiti kilikuwa karibu. Akakaa. Thuraya akamvisha mkanda, akamwekea kidole mdomoni kumnyamazisha, na kwa dakika tano nyumba ile ikawa kimya. Najiat alitazama mchubuko juu ya jicho la dada yake. Alijua kitakachoandikwa kabla hakijaandikwa.

"Mia sabini," Thuraya alisoma polepole, "kwa mia moja na sita. Auzubillahi. Mashine yangu nzima. Wabovu ni nyinyi wawili."

Tunu alicheka kidogo. "Kumbe presha yangu imekuhamia, Najiat?"

Najiat hakucheka. Mkanda ulikuwa bado mkononi, umelegea.

"Haijahamia," alisema. "Tangu mwanzo ilikuwa yangu. Sikuwaeleza hali yako, dada. Walikataa kunipa dawa bila wewe kuwapo, nikakaa kwenye kiti nikawaambia mimi ni Tunu. Mara mbili. Walipima mkono wangu wakaandika kwenye kadi yako. Kidonge cha pili wamekuandikia wewe kwa namba zangu."

Thuraya aliizima mashine.

Tunu aliutazama mkono wa mdogo wake, kisha mashine, kisha mkono tena. "Kwa hiyo siku zote hizi nakunywa dawa yako."

"Ndiyo."

"Juu ya dawa yangu."

"Ndiyo, dada."

"Ungeniua, Najiat. Wangenilaza ubavuni kwa Awadhi, wewe ukabaki hapa unapokea watu na kugawa chai."

"Ndiyo."

"Usiniitikie ndiyo, ndiyo! Jitetee!"

"Nimechoka, dada." Hakulia. Hata kulia kulitaka nguvu. "Nilijua ile namba ni yangu. Nikajiambia wewe lazima unazidi, kwa sababu wewe ndiye uliyefiwa. Nilikuogopa, na wale wa dirishani niliwaogopa, na nilikuwa nimechoka kwenda na kurudi. Sina utetezi mwingine."

Tunu aligeuza uso ukutani. Vidole vilitafuta tasbihi, na tasbihi ilikuwa imebaki uani. Aliposema tena, hasira ilikuwa imepungua nusu, nusu nyingine imempata yeye mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyekataa kutoka."

"Na huko kukataa," Thuraya aliingilia, "nani kakufundisha? Shehe yupi kakwambia mwenye eda haendi kwa daktari? Mama yangu alipofiwa alitoka mara mbili kung'oa jino, na hakuna aliyemtia maneno. Matibabu ni dharura, Tunu. Ungeuliza tu. Mtaa umejaa wanazuoni, mnakaa mnajitungia sheria ndani!"

Kweli hakuna aliyeuliza. Katika siku zote zile, kati ya watu wote walioingia na kutoka, hakuna hata mmoja wa hawa dada wawili aliyefikiria kumuuliza mtu anayejua.

Bajaji ilikuja mpaka mlangoni. Tunu alitoka na nguo zake nyeupe, uso ameuinamisha, na barabarani hakuna aliyesimama kumtazama. Zahanatini, Marcelina alitokeza mlangoni na kuita jina, na mwanamke asiyemjua akainua mkono, na pembeni yake amekaa yule anayemjua.

Hawakuhitaji kumweleza sana. Alivyowatazama mara moja, kidevu na kidevu, alielewa. Akawaingiza ndani, akafunga mlango.

"Mama zangu," alisema, na mikono yake ya haraka ilikuwa imetulia mezani. "Mnajua nilikaa siku mbili nikijiuliza kwa nini dawa haimfanyi huyu kitu? Nilimwombea! Kumbe dawa inafanya kazi vizuri kabisa, kwa mtu mwingine!"

Alimpima Tunu akiwa amekaa, akampima tena amesimama, na aliposimama namba zikateremka zaidi. Daktari akaja, akakiondoa kile kidonge cha pili, akamwacha na kimoja chake cha zamani, akamtaka arudi baada ya wiki, yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Akamwambia akiamka akae kwanza kitandani, ahesabu, ndipo asimame. Mchubuko ukasafishwa.

Kisha Marcelina akamgeukia Najiat. Kwenye kadi ya Tunu alichora mstari mwekundu juu ya mistari miwili ya mwisho. Akatoa kadi mpya, akaandika Najiat Masudi, miaka hamsini na sita, na chini yake akazinakili zile namba mbili na tarehe zake.

"Kwa kawaida ningekwambia uje na urudi tukupime siku tofauti kabla ya kusema lolote," alisema. "Wewe umeshakuja na kurudi." Akampima. Mia sitini na sita kwa mia moja na mbili. Akaiandika ya tatu, na daktari akaandika chini yake kidonge kimoja.

"Lakini mimi sina chochote, sista. Hata kichwa hakiniumi."

"Wengi hakiwaumi. Ndiyo maana tunatumia mashine, hatuulizi kichwa."

"Na hizi mbili zina maana gani? Wiki zote hizi nabeba kadi, sijui ninabeba nini."

Marcelina akavuta kiti. Labda alikuwa na wagonjwa kumi nje, lakini akavuta kiti. "Ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo. Karibu na mia ishirini kwa themanini tunafurahi. Ikifika mia arobaini, au ya chini ikifika tisini, na ikarudia hivyo siku hata siku, hiyo ni presha ya kupanda. Yako ya chini ni zaidi ya mia. Maana yake hata moyo unapopumzika, mishipa haipati nafuu. Inakaa imebanwa hivyo mchana na usiku, na wewe husikii kitu. Ikiachwa, siku moja inaharibu figo, au inapasua mshipa kichwani, au moyo wenyewe unachoka."

Najiat alisikiliza neno baada ya neno. Hakuogopa kufa kama alivyodhani angeogopa. Alichokiona ni asubuhi moja juu ya nyingine, kila moja na kidonge chake, na kadi, na benchi, kitu kingine tena cha kukumbuka, na hiki ni chake mwenyewe.

"Nitameza mpaka lini?"

"Kila siku, hata ukijisikia mzima. Kwa watu wengi ni maisha yote. Nani yuko nyumbani wa kukuangalia?"

Najiat alifungua mdomo kusema hakuna, ndivyo alivyozoea.

"Mimi," alisema Tunu.

"Wewe mwenyewe umeanguka leo, mama."

"Nimeanguka kwa dawa yake. Kesho sianguki."

Walirudi Gongoni adhuhuri. Maharage yalikuwa yameungua sufuriani, nyumba nzima inanuka moshi. Najiat alivua baibui akaelekea jikoni kama kawaida yake, na Tunu akamzuia mlangoni kwa mkono.

"Kaa."

"Watu watakuja alasiri, dada. Hakuna chai, hakuna chakula."

"Eda inanikataza manukato na mapambo. Inanikataza kutokatoka. Sijasikia popote inanikataza kusonga ugali." Alisimama kidogo akishika fremu ya mlango, akangoja kizunguzungu kipite, kisha akaingia. "Siku sitini na saba sijashika mwiko. Nilikuwa naomboleza, au nilikuwa nafurahia kupikiwa? Usinijibu."

Najiat alikaa kwenye kigoda nje ya mlango wa jiko. Mara tatu miguu yake ilitaka kuinuka: dada yake alipotafuta unga kwenye debe lisilo la unga, alipounguza kidole, alipotulia kimya muda mrefu mno. Mara tatu sauti ikatoka ndani: "Nimesema kaa." Uani, maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye bomba ambalo hakuna aliyelifunga vizuri.

Ugali ulitoka na madonge, na mboga haikuwa na chumvi. Walikula kutoka sahani moja, Tunu na plasta juu ya jicho. Hakuna aliyemsamehe mwenzake kwa maneno. Katikati ya chakula Tunu alinyoosha mkono akazisoma kadi mbili zilizokuwa mkekani, moja ya zamani yenye mstari mwekundu, moja mpya, akasogeza ile mpya karibu na goti lake mwenyewe.

"Hii nitakaa nayo mimi," alisema. "Kula."